Kipande cha Ishirini na Saba

Tanuri letu halioki mkate.
Mama mkwe hajalikubali hilo hadi leo:
nyuzi mia sita, saa thelathini na sita,
kisha kinatoka kioo kile kile kilichoingia,
ila kimevaa utando,
mwembamba hata ukizipanga tabaka elfu moja
hazifiki unene wa kanga yake.

"Basi mnapika nini huko?"
Dawa ya kutu, mama.
Hucheka. Mji huu, asema,
kutu ina haki kuliko wapangaji.

Hajakosea. Taasisi yetu iko Tudor, ghorofa ya pili,
na mlango wake wa chuma umelika chini
kama mofa iliyopitiwa na panya.
Sisi mabingwa wa kutu
kila asubuhi twaingia kwa bega.

Baba yangu aligonga kutu kwenye meli, Mbaraki,
miaka kumi na tisa, kwa nyundo yenye ncha mbili.
Alirudi na kohozi jekundu.
Si damu, alituambia. Ni chuma.

Mashine ya eksirei haina adabu ya wageni.
Uliyoyaficha huyachora.
Kila kipande tulichokipeleka
ilituchorea mlima pasipotakiwa mlima:
sodiamu.

Tukalaumu kioo. Tukaagiza kisicho na soda,
ambacho bei yake ukiitaja, ofisi ya fedha hukohoa.
Tukalaumu upepo. Madirisha tukayaziba kwa gundi,
tukatokota humo ndani kama mihogo.
Tukalaumu jasho. Dakta Mwanarusi Famau
akatuvisha glavu mbili mbili,
akatukataza hata kujipangusa uso.
Mlima pale pale.
Miezi minane.

Usiku wa kipande cha ishirini na saba, stima ilipotea
saa ya thelathini na moja.
Tanuri lilipoa haraka kuliko linavyopenda,
na ndani ya giza nikasikia tiki,
sauti ya mtu anayekata ukucha.
Sikufungua. Nilijua.

Alfajiri Kitsao alileta maji, madumu sita kwa mkokoteni,
akanikuta kwenye ngazi. Nikampa chai.
Akaonja. Akatema kando, kwa heshima.
"Dada, haya si yangu.
Haya ni ya kisima cha hapo nyuma.
Maji yangu hayakati maziwa."

Nikatazama kikombe.
Maziwa yalikuwa yamekatika visiwa visiwa,
kama yalivyokatika kila siku,
nami kila siku nimemlaumu mwenye duka.

Kitoneshi chetu kiliharibika Ramadhani.
Tulisema chujio latosha.
Na kila chupa, kila koleo, kila kioo cha bei ya kukohoza
tulikisuuza mara tatu, kwa uangalifu mkubwa,
kwa chumvi.

Dakta Mwanarusi hakucheka. Hakufoka pia.
Alikwenda akafungua daftari la maabara, ukurasa mpya,
akamwomba Kitsao aandike jina lake, kamili.
Kitsao Ngumbao Mwaringa, aliandika,
kwa herufi kubwa, za darasa la nne,
halafu akauliza kama atadaiwa.

Kipande cha ishirini na nane: mlima umekuwa kichuguu.
Cha thelathini na tatu: uwanda.
Sasa tumevaa utando kwenye chuma chenyewe,
vipande kumi na viwili juu ya paa,
vimeelekezwa Kilindini, viliwe.
Chumvi tuliyoikimbia miezi minane
sasa twaialika.

Kila Ijumaa napanda na lenzi na kalamu.
Pembeni, nyuma ya tangi,
nimeegemeza nyundo ya baba, haina utando wowote.
Haimo kwenye daftari.
Dakta ameiona. Hakuuliza.

Wiki ya tisa.
Vipande kumi na kimoja ving'avu,
kimoja kina doa dogo ukingoni,
nami nimeandika: doa.
Nyundo inazidi kuwa nyekundu.
Ripoti yataka wiki hamsini na mbili.